Mstari mmoja kwenye karte

Karte ya plastiki ina urefu wa milimita 85.6 na upana wa milimita 54. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali duniani, na ndiyo sababu inaingia vizuri katika mfuko wa shati. Katika nafasi hiyo ndogo, kijana mmoja wa Mulongwe, hapa Uvira, mwenye kompyuta na mashini ya kuchapa, anatafuta pa kuweka sura ya mtu, majina yake na namba yake. Wateja wake ni wavuvi, mashule, makanisa, na sasa kamati ya familia zilizohama.

Kinachomsumbua kwanza ni majina. Mifano iliyo tayari ndani ya programu ina mistari miwili tu ya jina. Sisi Wakongomani tuna majina matatu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, jina la nyuma likachukua nafasi yake. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, hakuna lililoondoka. Ukibana yote matatu katika mistari miwili, herufi zinakuwa ndogo, na askari wa barieri anasoma kwa tochi. Kwa hiyo kijana anaongeza mstari, anapunguza nembo. Viongozi wa vyama hawapendi, wanataka nembo kubwa. Lakini nembo haiulizwi chochote barierini.

Kuna pia wino. Mnakumbuka karte za mpiga kura, ambazo ndizo kitambulisho cha wengi wetu. Nyingi kati ya zile za uandikishaji wa 2022 na 2023 zilifutika, CENI ikabidi itoe nakala mpya kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Mtu anayelala chini ya hema, karte mfukoni, jasho na mvua juu yake, hawezi kungoja nakala. Kijana anafunika maandishi kwa plastiki nyembamba inayong'aa, na namba anaiandika mara mbili, mbele na nyuma.

Ubishi ulikuja kwenye mstari wa asili. Karte ya mpiga kura inaonyesha asili ya mtu. Kamati ilitaka vilevile. Kijana akauliza: nani ataisoma? Wazee walinyamaza. Rwanda, jirani zetu, vitambulisho vilikuwa na mstari wa kabila tangu wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1994 watu waliuawa barierini kwa sababu ya mstari huo. Huku kwetu, kuanzia bonde la Ruzizi hadi milimani, jina la grupema peke yake linatosha kumfanya mtu akuwekee kabila, awe amepatia au amekosea.

Mama mmoja hakukubali. Alikuwa amevuka Kavinvira kwenda Burundi mnamo Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira, na kabla ya hapo alikuwa tayari amekimbia kijiji chake. "Mukifuta kijiji changu," alisema, "kesho nitadai shamba langu na nini?" Hakuna aliyemjibu haraka, maana alikuwa na haki.

Mwishowe karte ilitoka bila mstari huo. Mahali pake pakawekwa idadi ya watu wa familia na namba ya simu ya ndugu mmoja, kwa ajili ya mtoto akipotea. Asili iliandikwa katika daftari la kamati. Yule mama aliomba daftari, akalisoma polepole kwa kidole, akamwambia karani kwamba jina la kijiji chake limekosa herufi moja. Karani akasahihisha.