Madaftari ya Mke Wangu na Siasa za Ngazini

Mke wangu ana madaftari matatu ya shule, yale ya kurasa 96, aliyoyafunga pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kuyaweka chini ya godoro. Humo ameandika kila shilingi iliyotoka katika nyumba yetu tangu mwanzoni mwa 2017, tulipohamia Pipeline na kupanga chumba katika ghorofa ya sita. Unga, mafuta taa, maji ya mtungi, sukuma wiki ya shilingi kumi, yote yamo. Kwa miaka mingi niliyaona madaftari hayo kuwa mambo ya akina mama. Mimi nilikuwa na shughuli kubwa zaidi, nayo ilikuwa siasa.

Anayeijua Pipeline anajua kwamba siasa zetu hufanyika ngazini. Majumba yamesongamana hata mtu anaweza kumpa chumvi jirani wa jengo la pili kupitia dirishani. Stima zikipotea jioni, watu hutoka vyumbani na kuketi kwenye ngazi wakingoja zirudi, na hapo ndipo serikali huundwa na kupinduliwa. Jirani yangu wa mlango wa pili, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa wa upinzani tangu zamani. Mimi, karani wa ghala katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, nilikuwa wa serikali.

Mei 2017 ukame ulikuwa umepandisha bei ya unga, na serikali ya Jubilee ikatangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ingeuzwa shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8. Jirani alisema ngazini kwamba hiyo ilikuwa hongo ya sahani moja ya ugali, tena kwa pesa zetu wenyewe. Nilimjibu kwamba mwenye njaa hali sera.

Miaka mitano baadaye, Julai 2022, pakiti iyo hiyo iliteremshwa kwa ruzuku hadi shilingi 100, kura zikiwa Agosti 9. Safari hiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akimuunga mkono Raila Odinga, nami nilikuwa nimemfuata William Ruto na wilbaro yake. Basi mimi ndiye niliyesema ni hongo, na jirani ndiye aliyesema mwenye njaa hali sera. Hakuna aliyecheka. Sidhani kama hata mmoja wetu alikumbuka kwamba tumebadilishana maneno.

Mke wangu alikumbuka. Katika daftari la kwanza ameandika "unga 90, haupo dukani" mara nne, na katika la pili "unga 100, foleni, nimekosa." Ruzuku ni jambo rahisi kueleza jukwaani: serikali humlipa msagaji tofauti ya bei ili mnunuzi apate nafuu. Lakini msagaji asipolipwa kwa wakati hupunguza kusaga, na bei nzuri hubaki ikisomwa gazetini tu.

Septemba 13, 2022 mtu wangu aliapishwa pale Kasarani. Siku hiyo alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na ya unga bilioni 7 kwa muda mfupi, bila faida ya kudumu. Siku mbili baadaye lita ya petroli jijini Nairobi ilitoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Wenye magari walipiga kelele. Kwetu ghorofani kilio kilikuwa cha mafuta taa, yaliyotoka 127.94 hadi 147.94, na yalikuwa tayari yamebebeshwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita tangu 2018, eti kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Mama apikaye kwa stovu hachanganyi chochote na dizeli, lakini alilipa.

Niliitetea hatua hiyo kwa nguvu zangu zote. Nilisema mwenye gari kubwa hufaidi ruzuku ya mafuta kuliko sisi, na hoja hiyo ina ukweli wake. Nilisema pia kwamba serikali imerithi uchumi uliobomoka, maneno aliyokuwa akiyasema kila mahali aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo, Rigathi Gachagua. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa Baba, kesho nipike nini?" Nikamwambia awe na subira. Mwezi uliofuata mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Katika daftari maziwa yalipungua yakawa nusu pakiti, kisha yakatoweka, na chapati za Jumapili zikafuata. Nilikula vilivyoletwa mezani na kurudi ngazini.

Machi 2023 serikali iliteua makatibu waandamizi 50 wa wizara, vyeo ambavyo mahakama ilivifuta mnamo Julai mwaka huo. Jirani alikuwa na haki ya kuuliza watalipwa na nani, na aliuliza kila jioni. Tarehe 20 mwezi huo Raila alianzisha maandamano ya kupinga gharama ya maisha, na jirani yangu akaenda. Aliporudi alibebwa na vijana wawili hadi ghorofa ya sita, mguu umevimba kama nguzo. Asubuhi balozi wa jengo alipita mlango kwa mlango akichanga pesa za kumpeleka hospitali. Alipofika kwangu nilisema kwa sauti, ili mwenye mguu asikie, "Waliomtuma ndio wamlipie." Kisha nikafunga mlango na kwenda kazini kwa miguu kama kawaida.

Mwezi huohuo hati yangu ya mshahara tayari ilikuwa imeanza kubadilika. Nilikuwa nikilipwa shilingi 32,000. Mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200. Mahakama ya Rufaa iliporuhusu sheria ya 2013 itekelezwe, ukapanda Februari 2023 hadi 1,080, na mwaka uliofuata ukafika 1,920. Julai 2023 ukaja ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani shilingi 480 kwangu. Jumla nikapoteza shilingi 2,200 zaidi kila mwezi, na wakati uo huo VAT ya mafuta ikaongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo petroli ilifika shilingi 217.36, na nauli nayo haikubaki nyuma.

Kweli, sehemu kubwa ya makato hayo ni akiba yangu ya uzeeni, na sheria yenyewe haikuandikwa na serikali hii. Lakini mwenye nyumba hapokei akiba ya uzeeni. Nami sikusema neno ngazini, kwa sababu kulalamika kungekuwa kumpa jirani ushindi. Nilianza kuchelewa kurudi nyumbani ili nimkwepe.

Kisha ukafika Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza, pamoja na mengine, VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya kura, lakini vijana walikuwa wameshausoma mswada mzima. Mwanangu, mwanafunzi wa chuo, alinisomea vifungu usiku kwa simu yake. Nilimwuliza yeye ni wa mrengo gani. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza yeye ni wa dini ya nyota. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi na kufa, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini. Mwanangu alirudi usiku wa manane, macho mekundu kwa moshi. Ningemwambia nani amlipie?

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Agosti 8, 2024 John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha, na wenzake kadhaa wa upinzani wakaingia wizarani naye. Oktoba, Gachagua akaondolewa mamlakani na Seneti, akaanza kuyasema makosa ya serikali ambayo juzi alikuwa akiitetea. Ghafla jirani yangu akawa mtu wa subira. Alinieleza kwa upole kwamba mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 2.7, na kwamba dola iliyopita shilingi 160 Januari imerudi karibu 130. Mimi nami nikapaza sauti kuhusu ubadhirifu, safari za vigogo na deni la taifa lililopita trilioni 10. Yalikuwa maneno yake ya mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeyahifadhi vizuri.

Jioni moja mwishoni mwa mwaka huo stima zilipotea, nasi tukashikana mashati kwa maneno. Nilimwambia mfumuko kushuka si bei kushuka, ni bei kupanda polepole tu. Akasema unga umeshuka. Mke wangu, aliyekuwa ameketi vidato viwili juu yetu, akasema ni kweli umeshuka, mvua ilinyesha na mbolea ikauzwa shilingi 2,500 gunia, wakulima wakavuna. Kilichopanda ni kingine. "Kalete daftari," akaniambia. Jirani akaongeza, "Ndiyo, dada, alete tuone." Tangu 2023 amekuwa akimwita mke wangu dada, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilileta la pili, nikamulika kwa simu na kutafuta bei ya unga ya Machi 2023. Niliipata. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kubana, paliandikwa: "Mguu wa jirani, 200." Mstari uliofuata: "Nyama, tusinunue."

"Soma basi, mzee, tunangoja," jirani akasema.

Nilisoma bei ya unga. Mke wangu alikuwa akitazama ukutani. Stima zikarudi, jengo zima likashangilia kama kawaida yake, na kila mtu akaingia kwake kupika.