Mwalimu Ana Shilingi Ngapi?

Kijiweni kwetu Tandika tuna mchezo wa kupima watu kwa macho. Huyu ana fremu tatu za duka, yule ana daladala mbili. Akipita baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na baiskeli yake, hukumu hutoka hapo hapo: “Mwalimu hana kitu, mshikaji.” Nimechoka kuisikia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utajiri wa mtu ni mali yake ukitoa madeni. Nyumba ya baba tuseme ni milioni 30. Deni la SACCOS milioni 4. Zinabaki 26. Wengi huishia hapo. Lakini mwakani baba anatimiza miaka 60 na kustaafu. Pensheni tunaiweka wapi?

Nilimaliza kidato cha nne bila kupatana na hesabu, ila hii nimeing'ang'ania. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kinasema hivi: chukua wastani wa mshahara wa mwaka, katika miaka mitatu bora ya kumi ya mwisho, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Baba ana wastani wa 1,160,000 kwa mwezi, yaani 13,920,000 kwa mwaka, na miezi 360 kazini. Jibu ni 8,640,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hizo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo: 43,200,000. (Ilikuwa asilimia 33, bajeti ya 2024 ndiyo iliyoipandisha kwa kundi lake.) Asilimia 60 iliyobaki ni 432,000 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Sasa itazame hiyo 12.5. Ni bei! Mfuko wenyewe unakiri kwamba shilingi moja ya pensheni ya kila mwaka inauzwa kwa shilingi kumi na mbili na nusu leo. Basi pensheni nzima ya baba ni 8,640,000 mara 12.5: milioni 108. Mwalimu asiye na kitu!

Lakini tusishangilie mapema. Wahenga walituonya tusikate mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Mwalimu kijana ambaye hajafikisha miezi 180 ya michango bado hana pensheni ya uzeeni ya kuhesabu. Fremu za duka zinauzika na kurithiwa miaka na miaka. Pensheni huwezi kuipeleka sokoni. Na bei zikipanda, tuseme, asilimia 5 kila mwaka, na pensheni isipoongezwa, ile 432,000 baada ya miaka kumi itanunua vitu vya kama 265,000 za leo. Kwa hiyo mimi naiandika katika safu yake peke yake, mbali na nyumba. Ni mali, ila ni mali ya kuliwa polepole.

Nyumbani huo upolepole hautakiwi. Mkupuo haujatoka, tayari umegawanywa. Kaka anataka bodaboda, dada anasubiri harusi, shangazi ana kiwanja cha kununua. Mimi nina muswada wa riwaya, kurasa 212, na mpiga chapa anadai milioni mbili na nusu.

Nimepiga hesabu ya mwisho. Mkupuo huo wa 43,200,000 umechukua nafasi ya 288,000 kila mwezi. Ni malipo ya miezi 150. Akijaliwa kuvuka miaka 72 na nusu, kila mwezi utakaofuata ataishi bila hizo 288,000. Riwaya yangu peke yake ingekula karibu miezi tisa ya uzee wake.

Baba ameniuliza mara mbili, “Na wewe mwanangu, kitabu chako kinahitaji kiasi gani?” Nimemjibu kwamba bado nakisahihisha. Na kweli, sura ya saba bado haijakaa sawa.