Hesabu Saa Kabla ya Kuhesabu Vyumba



Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka, napokea swali moja kutoka kwenu kwa namna nyingi. "Mchungaji, tumepata nyumba mbili. Moja iko Umoja, nyingine iko Utawala. Tuombee tujue ipi ni ya Bwana." Mwingine anachagua kati ya Kayole na Donholm, mwingine kati ya Buruburu na Ruai. Nimeona nikujibu hapa leo, wewe ambaye umeshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi, usome kabla hujalipa dipositi.

Nitaomba pamoja nawe, hilo sina shida nalo. Ila kuna mambo ambayo Mungu amekupa macho, miguu na kalamu ili uyajue mwenyewe. Hayo hatamtuma malaika akufanyie.

Sisi tulisimama mahali unaposimama mwaka 2019, tulipokuwa tunahama kutoka Nakuru. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu ambaye ni muuguzi, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye watoto humwita shosho, na ambaye magoti yake hayapatani na ngazi. Wakati huo nilikuwa bado naajiriwa ofisini, katikati ya jiji. Tukapata nyumba mbili.

Ya Utawala ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, mahali pa watoto kuchezea mpira, na kipande cha udongo ambacho shosho alikiona tu akaanza kupanga sukuma wiki. Kodi shilingi 25,000. Ya Umoja ilikuwa ya chini kabisa kwenye ploti ya ghorofa, vyumba viwili vya kulala, na dirisha la jikoni linalotazama ukuta wa jirani. Kodi shilingi 22,000. Kwa macho, Utawala ilikuwa imeshashinda.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Lutu. Unaijua habari yake katika Mwanzo sura ya 13. Mali ya Abramu na ya Lutu iliongezeka mpaka nchi ikawa ndogo kwao, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu, ingawa yeye ndiye mkubwa, akamwambia kijana achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akalichukua.

Sasa, mkaaji wa Nairobi hawezi kumlaumu Lutu kwa kuanza na maji! Hata mimi ningeanza na maji. Shida ni kwamba baada ya maji hakuuliza kitu kingine. Hakuuliza jioni kunakuwaje kule, wala watu wa kule wanaishi vipi, wala binti zake watakua miongoni mwa nani. Mambo hayo aliyajua akiwa ameshahamia. Na tafadhali usiende kusema mchungaji ameita Utawala Sodoma. Sijasema hivyo, na nitakuonyesha mbele kwamba kuna jamaa ambao Utawala ndiyo iliyowafaa. Ninachosema ni kwamba macho ni shahidi mmoja tu, na nyumba inahitaji mashahidi zaidi.

Shahidi wetu wa kwanza alikuwa saa ya mkononi. Kabla ya kulipa chochote, mimi na mke wangu tulipanda matatu za njia zote mbili siku za kazi, asubuhi na jioni, tukaandika kwenye daftari. Umoja iko karibu kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na Utawala ni kama mara mbili ya hapo. Wakati huo Eastern Bypass ilikuwa bado haijapanuliwa, na ulikuwa unaweza kukaa mahali pamoja mpaka umalize Zaburi tatu. Tofauti tuliyoipata ilikuwa kama saa moja kwenda na saa moja kurudi.

Saa mbili kwa siku zinaonekana kidogo. Zizidishe kwa siku 26 za kazi, unapata saa 52. Hizo ni siku mbili nzima na zaidi, kila mwezi, ndani ya matatu. Nauli nayo ilizidi kwa shilingi 80 kwa siku kwa kila mmoja wetu, yaani shilingi 4,160 kwa mwezi kwa watu wawili. Ongeza tofauti ya kodi ya shilingi 3,000, na hiyo nyumba "ya bei nafuu kwa ukubwa wake" ilikuwa inataka shilingi 7,160 zaidi kila mwezi.

Lakini pesa hazikuamua. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne, na saa mbili usiku alikuwa ameshalala. Nikiishi Umoja, ningefika nyumbani yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikiishi Utawala, ningefika saa moja na nusu, na mvua ikinyesha ningemkuta amelala. Asubuhi ningetoka hajaamka. Na mke wangu ana zamu za usiku. Tungelipia chumba cha tatu cha kulala kwa kumfanya baba awe mtu wa Jumamosi na Jumapili.

Tukachagua Umoja. Sitakudanganya kwamba haikutugharimu. Wavulana wawili walilala sebuleni kwenye godoro ambalo kila asubuhi linasimamishwa ukutani. Shosho aliinua mikono kuhusu sukuma wiki, kisha akapanda kwenye magunia mlangoni. Mke wangu alitaka sana ile nyumba ya Utawala, na kwa miezi kadhaa kila tulipogongana kwenye jikoni ile nyembamba nilijua anaiwaza. Uchaguzi mzuri nao una mambo unayoyaacha. Mtu akikuambia kwamba ukiwa katika mapenzi ya Mungu hutakosa kitu chochote, muulize kama amewahi kupanga nyumba Eastlands.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna jamaa wa kanisa letu, baba anafanya kazi upande wa mizigo pale uwanja wa ndege wa JKIA, na mama ana duka kando ya Bypass. Walikuwa wakiishi Umoja. Walipopiga hesabu hii hii, jibu lilitoka Utawala, wakahama, na leo yule baba anakula chakula cha jioni na watoto wake. Hesabu ni moja, majibu ni mawili. Kwa hiyo usinakili jibu langu. Nakili daftari.

Shahidi wa pili ni maji. Maji mengi ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hugawiwa kwa mgao. Umoja ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa mkopo wa Marekani, nyumba ndogo za chini za watu wa kipato cha kawaida. Katika Umoja ya pili mtu alipewa chumba cha kuanzia na choo, aongeze mwenyewe kadiri anavyojaliwa. Watu waliongeza kweli! Leo pale palipokuwa na nyumba ya chini pamesimama ghorofa sita au saba, na mtandao wa mabomba na mifereji ulipangiwa watu wachache kuliko hao. Ndiyo maana unaona mikokoteni ya mitungi. Upande wa Utawala nyumba nyingi hutegemea visima vya kuchimbwa, maji mara nyingi yana chumvi, na sehemu nyingi hazina mfereji wa maji taka, kwa hiyo kuna gharama ya lori la kunyonya shimo. Usimuulize mwenye nyumba habari za maji. Muulize mama mboga aliye mlangoni. Yeye hana nyumba ya kupangisha, na anajua mfereji hutoka siku gani na mtungi mmoja unauzwa bei gani ukikauka.

Shahidi wa tatu ni usalama wa jengo na wa kilicho karibu nalo. Hapa naomba usipite haraka. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lilianguka Huruma na watu wapatao 50 wakafa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, kwenye kituo kilichokuwa katikati ya makazi. Watu walikufa, wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati ikasema kwamba maombi ya kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. Waliolala katika nyumba hizo walikuwa watu kama wewe na mimi, na wengi wao walikuwa wameomba kabla ya kulala. Siwezi kukueleza siri za Mungu katika mambo hayo. Naweza kukuambia uzunguke ploti yote kabla ya kuhamia. Angalia nguzo na nyufa. Angalia kama mto uko nyuma, kwa sababu Aprili ya 2024 mafuriko yalituonyesha kwamba mto hukumbuka njia yake. Uliza yadi ile yenye mabati marefu inafanya nini usiku. Kama una mtoto wa pumu, kumbuka kwamba jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linatumika, basi nenda ukasimame nje ya hiyo nyumba jioni, uvute pumzi mwenyewe.

Shahidi wa nne ni jirani. Mke wangu akiwa kazini usiku nami nikiwa kwenye kesha, nani atasikia shosho akianguka? Siku ile ya pili tuliporudi Umoja kuangalia nyumba, mama wa mlango wa pili alituuliza majina ya watoto wetu kabla hajauliza tunafanya kazi gani. Nililiandika hilo kwenye daftari pamoja na nauli. Geti kubwa lina faida yake, lakini geti halimjui mtoto wako kwa jina.

Sasa niguse jambo ambalo wengi hamlisemi mkiniuliza. Wengine hamchagui nyumba, mnachagua ushuhuda. Unataka kusimama mbele ya kanisa useme Bwana amekutoa Kayole. Unaogopa kumwambia binamu yako kwamba bado uko Umoja. Ndugu yangu, dada yangu, mtaa si cheo mbinguni. Hapa kwetu Eastlands tuna mtaa unaoitwa Jerusalem, na jirani yake unaitwa Jericho, na hakuna aliyeokoka kwa anwani. Tuna Maringo, na nimekuta humo watu wanyenyekevu kweli kweli. Mungu akikupa uwezo wa kuhamia kwenye nafasi kubwa, hamia kwa furaha, nasi tutakuja kuibariki nyumba na kunywa chai. Ila usiwalipishe watoto wako saa 52 kila mwezi ili binamu yako akuone umefika.

Na wewe unayebaki kwa sababu mfuko haujaruhusu kuhama, usijione umesahaulika. Lutu alipochukua bonde, Abramu alibaki na nchi ya vilima, na ni huko Hebroni alikojenga madhabahu. Madhabahu hujengwa hata kwenye vyumba viwili, godoro likiwa limesimamishwa ukutani.

Jambo la mwisho kwa wanandoa. Pigeni hesabu hii wote wawili, mezani, na kama kuna mzee anayeishi nanyi, mwiteni. Sisi tulimuuliza shosho usiku ule wa kuamua, tukidhani atatetea bustani yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nyumba kubwa ambayo watu hawakutani ndani yake ni ghala." Mke wangu alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akanipa ile kalamu niandike.

Basi wiki hii fanya hivi. Nenda kwenye kila nyumba mara tatu: mara moja asubuhi ya siku ya kazi, mara moja usiku, na mara moja mvua ikiwa imenyesha. Andika saa, nauli, maji, jengo na jirani. Kisha niletee hilo daftari, na hapo ndipo tutapiga magoti tukiwa na kitu cha kumwonyesha Bwana.

Tuombe. Baba, mbele yako kuna jamaa wanaotafuta mahali pa kulaza watoto. Wape macho ya kuona zaidi ya rangi ya ukuta. Wakinge na jengo bovu na moto wa usiku. Wape jirani atakayejua majina ya watoto wao. Na popote watakapoweka godoro lao, Umoja au Utawala, uwakute wako nyumbani kabla watoto hawajalala. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una rafiki anayehama Desemba hii, mtumie ujumbe huu leo kabla hajalipa. Tuonane Jumapili.