Ziwa Lenye Mfuniko

Sisi tuliozaliwa kando ya Kivu twajua maji ya namna nyingi: maji ya asubuhi yaliyotulia kama kioo, maji ya alasiri yenye mawimbi, maji ya usiku yanayometameta kwa taa za wavuvi. Lakini maji ambayo mtu aweza kuyapiga kwa shoka wala asilowe, hayo sikuyajua mpaka mwezi wa Februari nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani.

Mdogo wangu anakaa katika mji wa Lewiston. Huko, na katika mji wa Portland ulio pwani, Wakongo ni wengi siku hizi. Ukiingia dukani waweza kusikia Kiswahili, Kifaransa na Lingala kana kwamba uko Kadutu. Nilidhani atanionyesha majengo na barabara. Kumbe siku ya Jumamosi aliniamsha kabla ya mapambazuko, akasema:

"Yaya, vaa soksi mbili mbili. Leo nakupeleka ziwani."

"Ziwani kufanya nini katika baridi hii?"

"Kuvua salmoni."

Tulisafiri kwa gari muda wa saa moja, katikati ya misitu ya misonobari iliyolemewa na theluji. Tukafika mahali palipo wazi, uwanja mkubwa mweupe. Hapo palikuwa na vibanda vya mbao, wazee wameketi juu ya ndoo, na watoto wanateleza huku na huku. Nikamfuata mdogo wangu hatua kama mia hivi, kisha nikamwuliza ziwa liko wapi. Alicheka sana, akajibu: "Umesimama juu yake." Basi miguu yangu ikakataa kwenda mbele.

Aliponiona nimeogopa, hakunidharau. Alichukua keekee yake kubwa, akatoboa shimo, akaingiza kijiti cha kupimia. Barafu ilikuwa na unene wa sentimeta 40. Akanieleza kwamba barafu ngumu na safi ya sentimeta 10 yatosha kumbeba mtu mmoja kwa miguu. Ikipungua hapo, mwenye akili hakanyagi. Tena, kuwa nene mahali hapa si kuwa nene mahali pote. Pale kijito kinapoingia ziwani, na pale mkondo unapopita, barafu huwa nyembamba, nayo theluji huificha. Watu huzama kwa sababu walikumbuka barafu ya mwaka jana, wasipime ya leo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mvuvi wa majira ya baridi si kuvua, bali ni kupima.

Labda mtauliza: ikiwa ziwa limeganda, samaki wanaishije? Hapo pana jambo la ajabu katika maumbile ya maji. Vitu vingi vikipoa huzidi kuwa vizito kwa kipimo kilekile. Maji nayo hufanya hivyo, lakini mpaka digrii 4 tu. Yakipoa kupita hapo huanza tena kuwa mepesi, na barafu ni nyepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea. Hivyo ziwa hufunikwa juu kama chungu chenye mfuniko, na chini hubaki maji ya digrii 4 hivi, ambamo samaki hukaa taratibu, wakila kidogo. Kama barafu ingalikuwa nzito na kuzama, maziwa ya nchi za baridi yangaliganda toka chini, na samaki wasingalikuwa na mahali pa kukimbilia.

Hata hivyo mfuniko huo una hatari yake. Upepo hauyafikii tena maji, na theluji ikiwa nyingi juu ya barafu, nuru haipenyi. Mimea ya majini huacha kutoa hewa. Katika bwawa dogo lisilo na kina, lenye matope na majani yaozayo, hewa yaweza kwisha kabla ya masika, na barafu ikiyeyuka mwenye bwawa hukuta samaki wake wamekufa wote. Kwa sababu hiyo wenye mabwawa ya samaki katika nchi hizo huondoa theluji juu ya barafu, au hutia mashine ya kusukuma hewa majini. Ziwa lenye kina na maji safi halina shida hiyo sana, nalo ndilo lifaalo kwa salmoni.

Sasa niwasimulie samaki mwenyewe. Salmoni wa kawaida huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kuzaa. Salmoni wa maziwa ya Maine ni wa jamii hiyohiyo, lakini hawaendi baharini kamwe. Ziwa ndilo bahari yao. Hapo zamani walikuwako katika mabonde manne tu ya jimbo hilo, yale yenye maziwa ya Sebago, Green, Sebec na West Grand. Mkubwa kuliko wote walioandikwa alivuliwa Sebago mwaka 1907, akapima ratili 22 na nusu, yaani zaidi ya kilo 10. Wa siku hizi ni wadogo. Wengi hawazidi kilo 1.

Tangu karne ya 19 watu walianza kuwachukua samaki hao na kuwapanda katika maziwa mengine. Leo yako maziwa zaidi ya 100 ambayo serikali ya jimbo huyatilia salmoni, kwa maana hayana vijito vya kutosha ambamo samaki hao wangeweza kuzaa wenyewe. Ziwa tulilosimama juu yake lilikuwa mojawapo. Mtu asipopanda, hapana salmoni.

Mdogo wangu alitoboa mashimo matano, kwa sababu sheria yamruhusu mvuvi mmoja nyuzi tano tu wakati wa barafu. Juu ya kila shimo aliweka mtego mdogo wenye kibendera chekundu. Samaki akivuta, kibendera husimama. Hakuzamisha nyuzi mbali, bali mita moja au mbili chini ya barafu, kwa kuwa salmoni hupita karibu na juu akiwinda smelti. Smelti ni samaki mwembamba, mrefu kama kidole au kupita kidogo, anayefanana na ndagala kwa umbo na kwa desturi ya kwenda makundi makundi. Shikeni jina lake, maana habari yote ya ziwa lile imo katika tumbo la huyo mdogo.

Tulikaa. Saa mbili zikapita, saa tatu zikapita, wala kibendera hakikusimama. Ndevu zangu zilifanya barafu. Ndipo akaja bwana mmoja anavuta kigari cha theluji, na ndani yake mizani, ubao wa kupimia na daftari. Alikuwa afisa wa samaki wa serikali. Alitusalimu kwa adabu, akauliza: mmekaa saa ngapi? nyuzi ngapi? mmepata nini? Akaandika hata jibu letu la "hatujapata kitu." Kisha akaenda kwa mzee wa jirani aliyekuwa na salmoni mmoja, akampima urefu, akampima uzito, akakwangua magamba machache kwa kisu na kuyatia ndani ya bahasha. Gamba la samaki, alituambia, lina mizunguko kama kisiki cha mti. Kwa kuisoma, mtaalamu ajua umri wa samaki, na mwaka gani alishiba, na mwaka gani alikonda.

Mimi ni mwalimu, sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza: "Bwana, kwa nini serikali isitie samaki wengi zaidi, tusikae hapa saa tatu bure?"

Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi. Akasema: "Mwenye ng'ombe hahesabu ng'ombe kwanza. Huhesabu majani."

Kisha akaeleza. Mwezi wa Novemba wafanyakazi huwakamata salmoni wazazi wanaopanda vijitoni, huwakamua mayai na mbegu kwa mkono, huwarudisha majini wazima. Mayai hupelekwa katika nyumba za kutotoleshea, kama zile za Casco na Grand Lake Stream. Humo maji baridi hupita juu yake mchana na usiku miezi yote ya baridi, na walinzi huyaondoa yaliyokufa yasiyaharibu mengine. Yakianguliwa, vifaranga hulishwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuachiliwa ziwani, wakiwa wakubwa kama kiganja cha mtu.

Lakini swali kubwa ni idadi yao. Zamani walidhani kwamba kuongeza ni kubariki. Wakatia wengi, salmoni wakawala smelti wote, smelti walipopungua, salmoni wakawa wembamba, kichwa kikubwa na mwili kama ukanda. Ziwa lilikuwa na samaki wengi zaidi, na nyama kidogo zaidi. Basi dawa ilikuwa kupunguza wanaopandwa na kungoja miaka, mpaka smelti wajae tena. Sebago nako, katika miaka ya 1970, walitia trauti wa ziwani, samaki mwingine mkubwa alaye smelti. Naye akazaa sana, akawa mshindani wa salmoni mezani pake. Siku hizi wavuvi huombwa wamwondoe kwa wingi. Kumtia ilikuwa kazi ya siku chache. Kumtoa hakujakwisha hata leo.

"Kwa hiyo," akamaliza, "natembea juu ya barafu wakati huu. Nikiona salmoni wanene, twajua kwamba chakula chatosha. Nikiona wembamba, mwaka ujao twapunguza. Majira ya baridi ndiyo majira yetu ya kuhesabu."

Akaenda zake na daftari lake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kibendera kimoja kiliposimama. Mdogo wangu alikimbia, akapiga magoti, akavuta uzi kwa mikono mitupu. Akatoka salmoni, anang'aa kama fedha, na madoa meusi ubavuni. Nilipiga makofi kama mtoto. Lakini yeye alimlaza juu ya ubao wa kupimia, akakunja uso. Sheria yataka salmoni asipungue inchi 14, yaani sentimeta 35 na nusu. Huyu alikuwa na sentimeta 34. Afisa alikuwa amekwisha kwenda, jirani alikuwa amegeuka upande mwingine, na nyumbani watoto walikuwa wanangoja. Mdogo wangu alimtoa ndoano polepole, akamwingiza shimoni kichwa mbele. Samaki alikaa kitambo mkononi mwake, kisha akapiga mkia, akapotea chini ya mfuniko.

Hatukusema neno kwa muda. Ndipo akaniuliza bila kunitazama: "Yaya, unakumbuka chandarua?"

Nakumbuka sana. Tulipokuwa wadogo huko Kalehe, Baba alishona vyandarua viwili pamoja, tukavikokota kando ya ziwa penye maji haba. Mimi nilishika ncha moja, mdogo wangu alikaa juu ya jiwe na ndoo. Tulipata sambaza wadogo kama sindano, ndoo ikajaa. Sasa, wasomaji, mjue kwamba sambaza pia ni samaki wa kupandwa. Hawakuwako Kivu tangu mwanzo. Vifaranga vyao vilichukuliwa Tanganyika na kuachiliwa katika ziwa letu kati ya mwaka 1958 na 1960, na wakazoea, wakazaa, wakawa chakula cha Bukavu, Goma, Idjwi na Gisenyi. Wale sindano tuliowatia katika ndoo walikuwa ndio sambaza wa mwaka uliofuata. Mwaka wa pili ndoo haikujaa. Mwaka wa tatu tulikokota toka asubuhi tukapata nusu, nasi tukasema ziwa limekasirika.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia Baba habari ya samaki aliyepungukiwa na sentimeta moja na nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, mdogo wako alimrudisha kwa sababu jioni ile alikuwa na chakula dukani. Mimi nilikuwa na nyinyi sita."

Neno hilo ni kweli, wala sikuthubutu kulikana. Mwenye njaa haambiwi habari ya mwaka ujao kwa urahisi. Kwa sababu hiyo ulinzi wa ziwa hauwezi kuwa mzigo wa mvuvi mmoja mwenye ndoo tupu. Unataka wote wapumzike pamoja, kama upande wa Rwanda ambako uvuvi wa sambaza hufungwa kila mwaka kwa muda wa miezi miwili, na unataka mtu wa kupita na daftari, kupima na kuhesabu. Ziwa letu halina majira ya baridi ya kulifunika na kuwazuia watu. Mfuniko wake hatuna budi kuufanya wenyewe.

Baba alinyamaza kitambo, anatengeneza taa yake ya uvuvi. Halafu akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Lakini ile ndoo ya mwaka wa kwanza, hata mimi naikumbuka."