Kufiwa Ugenini

Vijana wanaokuja kwa katibu wa msikiti kuomba barua ya utambulisho ili wakafanye kazi Asia huuliza mambo matatu: mshahara, kibali na nauli. Ni maswali ya haki, nasi huwajibu kwa kadiri tunavyojua, kwani sisi, mume na mke, tuliishi miaka minne Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, mmoja wetu akifundisha Kiarabu na Qur'ani katika shule binafsi ya Kiislamu, mwingine akilea mtoto aliyezaliwa huko huko. Swali la nne huulizwa na wazazi wao, kwa sauti ya chini, kijana akishatoka nje: je, mauti yakitufika huku, naye yuko kule, itakuwaje?

Malaysia humpokea Mswahili kama aliyekuwa akingojewa. Madhehebu ni ya Imam Shafi, kunuti husomwa katika Swala ya Alfajiri, na maulidi ya Barzanji yanajulikana kama yanavyojulikana Tanga na Lamu. Si ajabu. Masharifu na wanazuoni waliotoka Hadhramaut kuja pwani yetu walikuwa na ndugu zao waliokwenda Penang, Johor na Palembang. Hata lugha inakukonyeza: wao husema khabar, dunia, sabun, bendera, meja na nanas, nawe huhitaji mkalimani. Wiki ya kwanza tulijiona tumefika nyumbani.

Lakini ugeni ni ugeni. Kibali cha kazi kilifungwa kwa mwajiri mmoja tu. Ukimwacha yeye, umeiacha na nchi. Khutba ya Ijumaa huandaliwa na idara ya dini ya jimbo, khatibu akaisoma, na mwalimu hawezi kukaa msikitini kutoa darsa mpaka awe na idhini ya mamlaka hiyo, wenyewe wakiiita tauliah. Mhitimu wa chuo cha Kiislamu aliyezoea kusimama baada ya Alasiri na kuzungumza na waumini itambidi ajifunze kukaa safu ya nyuma na kusikiliza. Hatusemi ni jambo baya. Tumeona huku kwetu yanayotokea pale kila mwenye kipaza sauti anapojiita shekhe.

Kilichotushika mkono ni surau, yaani msikiti mdogo wa mtaa ambao kwa kawaida hauswaliwi Ijumaa. Mwezi wa pili tu mhasibu wa surau alitugongea mlango, daftari mkononi. Hakuja kuomba sadaka. Alitaka kutuandikisha katika khairat kematian, mfuko wa maziko wa mtaa. Kila kaya hulipa ada ndogo kwa mwaka, na akifariki mmoja wa watu wake, mfuko hugharimia sanda, kuosha, gari na kaburi siku hiyo hiyo, bila mtu kupitisha kofia. Tulilipa ringgit hamsini, tukapewa stakabadhi.

Likizo za shule tulizitumia kutembea, kwa mabasi ya bei nafuu na mizigo ya begani. Melaka tuliswali Masjid Kampung Kling, msikiti wa mwaka 1748 usio na kuba, paa lake limepandana mara tatu na mnara wake ungeweza kudhaniwa pagoda. Kutoka Johor tulivuka daraja kuingia Singapore, na huko tuliliona jambo ambalo hatujaacha kulisimulia. Masjid Sultan, uliojengwa upya kati ya 1924 na 1932, una makuba ya rangi ya dhahabu, na chini ya kila kuba kuna mshipi mweusi unaometameta. Ukitazama vizuri ni vitako vya chupa za kioo, vimepangwa safu kwa safu. Matajiri walitoa fedha. Maskini walitoa chupa ili nao wawe na fungu katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Wajenzi hawakuzificha ukutani. Waliziweka juu, mahali zinapoonwa na kila apitaye barabarani.

Singapore hiyo hiyo, mwaka 1975, watu wakihamishwa vijijini na kupelekwa kwenye maghorofa ya mitaa mipya, Waislamu waliingia katika mfuko wa kujenga misikiti ambao kila mfanyakazi alikatwa senti 50 kwa mwezi katika ujira wake. Msikiti wa kwanza wa mfuko huo, Masjid Muhajirin wa Toa Payoh, ulifunguliwa 1977. Senti hamsini! Tulikaa barazani mwa msikiti tukipiga hesabu ya msikiti wa kwetu, ambao bati lake lilichangiwa kwa miaka tisa, kila Ramadhani kwa matangazo mapya.

Safari ya Banda Aceh ilikuwa ya namna nyingine. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliuzamisha mji ule. Msikiti wa Baiturrahman ukabaki umesimama, na watu walikimbilia humo kujiokoa. Meli ya kuzalisha umeme, yenye uzito wa tani 2,600, ilibebwa na maji ikatuliwa katikati ya makazi ya watu, na ipo hapo hadi leo. Mawimbi ya siku ile yalivuka bahari nzima yakaua watu hata Dar es Salaam. Tulisimama kwenye makaburi ya halaiki, uwanja wa nyasi usio na jina la mtu hata mmoja, ambamo maelfu walizikwa kwa pamoja. Familia moja ilikuwa imekaa ukingoni ikisoma Yasin. Hawakujua ndugu yao amelala upande gani, kwa hiyo waliusomea uwanja wote. Usiku ule hatukuzungumza sana.

Miezi saba baadaye simu iliingia Gombak wakati wa adhana ya Alfajiri. Nyumbani Tanga ilikuwa bado usiku wa manane. Mama amefariki, mama mzazi kwa mmoja wetu, mama mkwe kwa mwingine. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Angezikwa baada ya Adhuhuri, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Ndege ya haraka, kwa kubadilisha njiani, ingetufikisha Dar es Salaam baada ya maziko, ukiacha ile safari ya barabara. Maiti hangojwi, na sisi hatukuthubutu kuomba angojwe.

Uongozi wa shule ulitoa ruhusa ya siku tatu, ukasisitiza kwamba siku ya nne itakatwa mshahara. Tuliweka mezani fedha zote tulizokuwa nazo. Zilitosha tiketi ya mmoja, kwenda na kurudi. Marehemu alikuwa na deni dukani na jingine la kikoba, nasi tunajua deni la maiti lina uzito gani. Binti yake ndiye aliyeamua. Alisema, "Mimi nikifika nitalia tu. Hizi zikifika zitamlipia." Tulizituma kabla ya saa nne asubuhi.

Jioni, saa ile mama alipokuwa akiteremshwa kaburini, surau ya Gombak iliswali Swala ya Ghaibu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali naye. Safu tatu za watu wasiomjua. Imamu alilitamka jina lake pole pole, akirudia ili asilikosee. Kwa usiku tatu majirani walisoma tahlili sebuleni kwetu na kuleta wali. (Wapo watakaohoji tahlili; mjadala huo si wa makala hii.) Mhasibu naye alikuja, akaeleza kwa adabu kwamba kanuni za mfuko hazimhusu mzazi aliyezikwa nje ya mtaa. Alipomaliza, alitoa bahasha ambayo watu walikuwa wamechanga kando, kwa mikono yao.

Mtoto wetu, wa miaka mitatu, alikuwa akimwita jirani nenek, yaani bibi. Bibi yake mwenyewe alimjua kwenye simu. Aliendelea kuiomba simu ile kila Ijumaa, siku tuliyozoea kupiga. Mkataba ulipokwisha mwaka uliofuata tulipewa nafasi ya kuongeza miwili, mshahara ukiwa juu zaidi. Babu yake bado alikuwa hai. Tulirudi.

Kamati ya msikiti wetu sasa inajadili mfuko wa maziko, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Rasimu ya kanuni imesomwa mara mbili, na vifungu vingi vimepita bila taabu. Kilichokwama ni cha saba: mzee ambaye mwanawe yuko ng'ambo azikwe na mfuko mara moja, hata kama mtoto hajatuma ada ya mwaka huo, kisha adaiwe baadaye. Mzee mmoja amesema kifungu hicho kitawafanya walio Muscat na Kuala Lumpur wasilipe kabisa. Mwingine, mwenye watoto wawili Doha, hakusema neno, ila aliomba asomewe tena kifungu hicho taratibu. Kikao kitaendelea Jumamosi baada ya Isha, inshaAllah.