Chai ya Mgeni na Bakuli la Sukari

Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, nikaolewa Tororo, Uganda. Kwa mama mkwe nilifunzwa jambo moja kabla ya mengine yote: chai ya mgeni ipikwe kwa maziwa, na sukari tele itiwe humo humo sufuriani. Chai iliyopungua sukari ilikuwa sawa na kumfukuza mtu.

Desturi hiyo ilikuwa na chanzo chake. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilizorota, na sukari ikawa adimu. Huku mpakani aghalabu ilivushwa kwa magendo kutoka Kenya. Mama mkwe alikunywa chai isiyo na sukari miaka mingi, akiweka akiba ya vijiko vichache kwa ajili ya wageni. Neema iliporudi, aliapa kwamba nyumbani kwake hakuna atakayekosa utamu.

Mwaka jana alishikwa na kiu isiyokatika, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Hospitalini wakasema ni kisukari. Niliinama kwa haya, maana mpishi wa chai ile nilikuwa mimi. Daktari alitueleza kwamba maradhi hayo yana sababu nyingi, urithi ukiwamo. Hata hivyo, vinywaji vitamu huyachochea, hasa kwa kunenepesha mwili.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na gramu 30 hivi.

Basi, akina mama wenzangu, nimeacha kupika chai na sukari. Naiweka katika bakuli, kila mtu ajitilie. Vijiko vya mama mkwe vilishuka polepole: vinne, viwili, kimoja; sasa hatii kabisa. Uji wa wimbi twautia ukwaju, nao hauhitaji sukari. Yeye hunywa kikombe kidogo tu. Kiu twaikata kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa mtungini.

Siku alipokuja mgeni wa heshima, nilisita mlangoni na sinia mkononi. Mama mkwe akaniita: "Mwanangu, msogezee bakuli, ajitilie apendavyo. Mimi sukari hii imenitosha."