Mbio na Nyavu

Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Chisenga, katika Ziwa Mweru nchini Zambia, alidunduliza fedha ili akatazame Safari Rally kule Naivasha, Kenya. Mwaka 2023 mashindano hayo yalifanyika Juni. Mwaka 2024 yakahamishiwa Machi. Mkewe akamwambia kwa upole: "Baba watoto, uvuvi hufungwa Desemba hadi mwisho wa Februari. Machi ndipo nyavu zirudipo majini. Nani atazitega, nasi tumekaa miezi mitatu bila samaki wa kuuza?"

Mume alinyamaza, kisha akachagua mbio za nchini mwake, afikazo kwa mashua na basi bila kuvuka mpaka. Mpenda mbio hana budi kuyapima kwanza majira ya riziki yake.